Temba Bavuma na swali la nani anabebwa

Makhaya Ntini, mrushaji wa kasi wa timu ya kriketi ya Afrika Kusini, alikuwa na mazoea ambayo wenzake waliyachukulia kuwa ni ya mtu anayependa mazoezi kupita kiasi. Asubuhi ya mechi humkabidhi dereva wa basi la timu begi lake, anamwambia watakutana uwanjani, kisha anatoka hotelini mbio kwa miguu. Jioni ni vivyo hivyo: begi linapanda basi, yeye anarudi mbio. Julai 2020, akiwa ameshastaafu kitambo, alieleza kwenye televisheni ya taifa ya Afrika Kusini, SABC, kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaukimbia upweke. Akikaa viti vya nyuma vya basi, wenzake wanakaa mbele. Akiingia kunywa chai asubuhi, hakuna anayesogea mezani kwake. Hakuna aliyewahi kumgongea mlango wa chumba akamwambia twende tukale. Na hapo walikuwa wanavaa jezi moja na kuimba wimbo mmoja wa taifa.

Tusisahau huyu ni nani. Ntini alicheza mechi 101 za testi, zile za siku tano ambazo wanakriketi huzihesabu kuwa ndiyo kriketi yenyewe. Alichukua wiketi 390, yaani aliwatoa wapigaji mara 390, na anastaafu ni Shaun Pollock peke yake aliyekuwa amemzidi nchini kwake. Mwaka 2003 alikuwa raia wa kwanza wa Afrika Kusini kuchukua wiketi 10 katika mechi moja pale kwenye uwanja wa Lord's, London. Miaka miwili baadaye, Port of Spain, Trinidad, alichukua 13. Hata hivyo jina moja lilimwandama, kama linavyomwandama kila mchezaji mweusi wa nchi ile: mchezaji wa mgao, yaani aliyeingizwa kikosini ili kutimiza idadi ya weusi. Kwa lugha ya vijiweni kwetu tungesema anabebwa.

Nimeamua kuandika juu ya hilo la kubebwa, na juu ya Temba Bavuma, mpigaji mweusi aliyefika kuwa nahodha wa testi wa nchi hiyo, kwa sababu naamini kwa moyo wote kwamba katika kriketi ya Afrika Kusini aliyebebwa kwa muda mrefu kuliko wote ni mchezaji mweupe, na wala hakuna aliyewahi kumtaka ajieleze. Anayetakiwa kujieleza kila siku ni yule aliyezuiwa mlangoni.

Kumbukumbu zipo. Mwaka 1892 timu ya Waingereza ilicheza Cape Town na timu ya Wamalay wa pale, na wageni wakatoka wakimsifu mrushaji mmoja wa kasi aitwaye Krom Hendricks. Mwaka 1894 Afrika Kusini ilipoandaa safari yake ya kwanza ya kwenda Uingereza, Hendricks alistahili kuwemo. Aliachwa kwa sababu ya rangi yake, na watu wa serikali ya Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Rasi, walikuwa na mkono katika uamuzi huo. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 kabla Makaburu hawajaingia madarakani mwaka 1948 na kuugeuza ubaguzi kuwa sheria moja baada ya nyingine. Hendricks alitupwa nje na watu waliokuwa wakihubiri kwamba kriketi ni mchezo wa waungwana.

Kuna uongo mmoja nimeusikia mara nyingi, hata kwa watu ninaowaheshimu, kwamba Waafrika weusi hawakuwa na utamaduni wa kriketi, ndiyo maana imechukua muda mrefu kuwaona. Rasi ya Mashariki, huko kwa Wakhosa, kriketi ilichezwa kwenye shule za wamisionari kama Lovedale na Healdtown tangu karne ya 19. Mji wa King William's Town ulikuwa na klabu za watu weusi ambazo miaka ya 1880 ziliwahi kuzifunga klabu za wazungu. John Tengo Jabavu alipoanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu mwaka 1884, habari za kriketi zilichapishwa humo kwa Kikhosa. Ntini alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na mji huohuo. Watu walipenda kusimulia habari zake kana kwamba kijana mchunga ng'ombe ameokotwa porini na kuonyeshwa mpira kwa mara ya kwanza. Ng'ombe alichunga kweli. Lakini alizaliwa katika eneo ambalo watu wake walikuwa wamecheza kriketi kwa karibu miaka 100, wakanyang'anywa viwanja na ligi, halafu wakaambiwa mchezo huu si wao.

Hadithi ya Basil D'Oliveira inatugusa hata sisi huku. Alizaliwa Cape Town mwaka 1931, katika jamii ambayo sheria za Makaburu ziliiita Coloured. Kwa wasio wazungu alikuwa mpigaji wa kutisha, akichezea viwanja vya kokoto ambavyo kabla ya mechi wachezaji wenyewe huinama kuokota mawe. Kuchezea nchi yake hakuruhusiwi. Mwaka 1958 timu ya Afrika Kusini ya wasio wazungu ilisafiri kuja Afrika Mashariki, na nahodha wake alikuwa huyo D'Oliveira. Yaani watu wa Kenya walimwona uwanjani akiwa nahodha wa Afrika Kusini wakati nchini kwake hakuwa na ruhusa hata ya kukaa jukwaa moja na wazungu. Jambo hilo hunifurahisha na kunichoma kwa pamoja.

Mwaka 1960 alihamia Uingereza, akaanzia ligi ya Lancashire, na mwaka 1966, akiwa na umri ambao wengi huanza kufikiria kustaafu, akaitwa timu ya taifa ya England. Agosti 1968 aliwapiga Australia mikimbio 158, yaani alama 158, pale kwenye uwanja wa The Oval, London. Wateuzi wakamwacha kwenye kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Kelele zikawa nyingi. Kisha Tom Cartwright akajitoa kwa sababu ya majeraha na D'Oliveira akaingizwa nafasi yake. Waziri Mkuu John Vorster akatangaza kwamba hiyo si timu ya kriketi, ni timu ya wapinga ubaguzi, na safari ikafutwa. Kufikia 1970 Afrika Kusini ilikuwa imetengwa, na haikurudi mpaka 1991.

Miaka hiyo 21 ya kutengwa huzungumzwa sana kama msiba wa kizazi cha Graeme Pollock, Barry Richards na Mike Procter, wachezaji weupe waliokuwa miongoni mwa bora duniani na hawakupata mahali pa kuonyesha. Nawasikitikia kama wanamichezo. Aprili 1971 baadhi yao walitoka uwanjani pale Newlands, Cape Town, baada ya mpira mmoja tu, wakitaka uteuzi uwe wa uwezo bila kujali rangi, na hilo lilihitaji ujasiri. Lakini Richards alicheza mechi nne za testi, na watu wanamlilia hadi leo. Wale waliocheza sifuri, kizazi baada ya kizazi, majina yao hayapo hata kwenye orodha ya kulilia. Hassan Howa, kiongozi wa kriketi ya wasio wazungu, alikuwa na msimamo uliojulikana kote: hakuna mchezo wa kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Wengi walimwona mkaidi. Tanzania yetu ilikuwa upande wake, na mwaka 1976 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizosusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa Makaburu. Filbert Bayi hakukimbia. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo haya hayatuhusu, tuliyalipia.

Novemba 1991 Afrika Kusini ilirudi. Mechi ilichezwa Eden Gardens, Kolkata, dhidi ya India, mbele ya umati mkubwa uliowapokea wageni kwa shangwe. Vyama vya wazungu na wasio wazungu vilikuwa vimeungana miezi michache kabla, Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia, na kila mtu alizungumzia mwanzo mpya. Wachezaji 11 walioingia uwanjani siku ile wote walikuwa weupe.

Nilipata kubishana juu ya jambo hili na mzee mmoja wa Upanga, Mhindi wa hapahapa Dar es Salaam, anayeijua kriketi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

“Kijana wangu, mpira haujui rangi,” aliniambia. “Ukianza kuhesabu weusi wangapi, weupe wangapi, umeua mchezo.”

“Shikamoo mzee, lakini wale 11 wa Kolkata walihesabiwaje?”

“Wale walikuwa wazuri.”

“Walikuwa wazuri, mzee. Wazuri kati ya watu wangapi?”

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaagiza chai nyingine, tukahamia kwenye habari za Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India. Swali langu bado nalishikilia. Nchini Afrika Kusini takriban watu 8 kati ya kila 10 ni Waafrika weusi. Ukichagua timu kutoka kwa wachache waliobaki, halafu ukasema umechagua walio bora, umesema kweli kuhusu hao wachache tu.

Sheria zilipofutwa, mlango ulifunguliwa. Omar Henry alikuwa wa kwanza asiye mweupe kucheza testi baada ya kurudi, mwaka 1992, akiwa na miaka 40. Mwafrika mweusi wa kwanza, Ntini, alisubiri mpaka Machi 1998. Na sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo watu hulipita haraka sana.

Kati ya 1991 na mwisho wa 2014, Waafrika weusi walioichezea Afrika Kusini testi walikuwa sita. Ntini, Mfuneko Ngam, Monde Zondeki na Lonwabo Tsotsobe walikuwa warushaji wa kasi. Thami Tsolekile alikuwa mlinda wiketi, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Wa sita alikuwa Temba Bavuma, Desemba 2014, na ndiye wa kwanza kuitwa kwa kazi ya kupiga. Miaka 23 ilipita kabla ya kumpata mpigaji mmoja.

Kwa nini warushaji wanatangulia? Mrushaji wa kasi anaweza kuanza na mwili wake. Mtoto mwenye mabega na miguu ya kukimbia, hata akirushia ukuta, siku moja kocha atamwona na kusema huyu ana kitu. Mpigaji hapatikani hivyo. Anahitaji kwanza uwanja uliosawazishwa, mahali ambapo mpira ukidunda anaweza kukisia utakuja kimo gani. Bila hapo mwili wake haujifunzi kusogea mbele, unajifunza kujikinga. Anahitaji kibao cha kupigia kinachomfaa kimo chake, na kila akirefuka anahitaji kingine. Anahitaji pedi za miguuni, glavu, kofia ngumu yenye kinga ya uso, maana mpira wa ngozi ni mgumu kama jiwe na unaweza kuvunja taya. Anahitaji mtu mzima wa kumrushia mipira mamia kwa mamia, jioni baada ya jioni, tangu ana miaka minane. Vyote hivyo ni pesa, ni muda wa mzazi, ni gari la kumfuata mtoto mazoezini.

Halafu kuna ukali wa kazi yenyewe. Mrushaji akikosea anarudi kurusha tena. Akipigwa saa nzima bado anaweza kulipiza mchana. Mpigaji akikosea mara moja anatoka, anavua pedi, anakaa. Ukishakuwa mtu ambaye watu wanasubiri ukosee ili waseme tuliwaambia, kazi hiyo inakuwa nzito maradufu.

Ndiyo maana ukitazama wachezaji wa Afrika Kusini wa rangi zote, unakuta majina ya shule zilezile. AB de Villiers na Faf du Plessis walisoma shule moja ya Pretoria. Jonty Rhodes, Kevin Pietersen na David Miller wametoka Maritzburg College. Graeme Smith na Quinton de Kock wametoka King Edward VII ya Johannesburg. Viwanja vya shule hizi huwezi kuvitofautisha na vya klabu za kulipwa. Na wachezaji weusi waliofika juu? Ntini alitolewa kijijini kwao akapelekwa Dale College. Kagiso Rabada, mtoto wa daktari na mwanasheria, alisoma St Stithians. Lungi Ngidi, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani na baba yake fundi wa matengenezo shuleni, alipata ufadhili akaingia Hilton. Bavuma alizaliwa Langa, kitongoji kikongwe cha watu weusi cha Cape Town, na alikuwa bado mdogo alipopata nafasi ya ufadhili katika shule ya msingi ya SACS, upande wa Newlands.

Maana yake ni kwamba ubaguzi wa sheria ulipoondoka, kazi yake ilichukuliwa na ada ya shule. Mtoto mweusi anaweza kuwa mchezaji wa taifa endapo atang'olewa kwao akiwa na miaka kumi au kumi na mitatu na kupandikizwa katika shule iliyojengwa kwa ajili ya wengine. Wanaong'olewa ni wachache. Wale wanaobaki Langa, wenye mikono na macho kama ya Bavuma, hatutawajua kamwe.

Bavuma mwenyewe amesimulia jinsi walivyocheza mtaani kwao Langa. Upande mmoja wa barabara lami ilikuwa mbovu, mpira unadunda ovyo, wakauita Karachi. Upande mwingine ulikuwa mzuri zaidi, wakauita MCG, kama uwanja mkubwa wa Melbourne. Na palikuwa na kipande safi kuliko vyote walichokiita Lord's. Mtaa huohuo ulimtoa Tsolekile. Nikisoma hilo nawaza juu ya watoto wangapi walicheza Karachi ile, na wawili ndio waliopenya.

Kisa cha Mfuneko Ngam kinaniuma kuliko vyote. Alitokea Motherwell, Port Elizabeth, na walioshuhudia mpira wake wanasema alikuwa na kasi ya kutisha. Alicheza mechi tatu za testi msimu wa 2000 na 2001, akachukua wiketi 11, kisha mifupa ikaanza kupasuka. Ikapona, ikapasuka tena. Ilielezwa kwamba chanzo kimojawapo ni lishe duni ya utotoni, mifupa ambayo haikupata maziwa na chakula cha kutosha wakati inakua. Hapo hakuna mteuzi wa kulaumiwa. Kikosi kilimchagua, alistahili, kila kitu kilikuwa sawa, na bado umaskini wa utotoni ukamfuata hadi katikati ya uwanja na kumwangusha. Baadaye aligeukia ukocha, akafundisha vijana kwenye akademia ya Chuo Kikuu cha Fort Hare, Rasi ya Mashariki.

Sasa tuje kwenye mgao. Tangu 2016 chama cha kriketi cha nchi hiyo kimekuwa na lengo la wazi: kwa wastani wa msimu, timu ya taifa iwe na wachezaji sita wasio weupe, na kati yao angalau wawili wawe Waafrika weusi. Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya kubahatisha. Januari 2002, mjini Sydney, rais wa chama aliingilia uteuzi ili Justin Ontong aanze badala ya Jacques Rudolph, na kijana Ontong akaingia kwenye mechi yake ya kwanza ya testi huku dunia nzima ikimtazama kama mtu aliyepora kiti. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2015, Auckland, Vernon Philander alichezeshwa akiwa hajapona sawasawa na Kyle Abbott akaachwa. Afrika Kusini ikafungwa, na hadi leo lawama inamwangukia Philander, mchezaji mwenye wiketi zaidi ya 200 za testi.

Nauunga mkono mgao, na sioni haya kusema hivyo. Bila shinikizo, wateuzi walioachiwa uhuru wao walikaa zaidi ya miaka sita wasimwone Mwafrika mweusi hata mmoja nchi nzima. Ila naona pia ubaya wake, na ubaya huo haumwangukii mzungu kama inavyodaiwa. Unamwangukia mchezaji mweusi, ambaye kila mkimbio wake unatiliwa shaka. Na unawapa viongozi njia rahisi. Kubadilisha majina mawili kwenye karatasi ya kikosi hakugharimu kitu. Kujenga uwanja wa nyasi Motherwell, kuajiri kocha, kumlipa mtunza uwanja kwa miaka 20 mfululizo, hayo yanagharimu, tena hayapigwi picha. Hesabu inafanywa juu kabisa kwenye ngazi, kwa wanaume 11, wakati tatizo liko kwa mtoto wa miaka minane.

Mwaka 2020 Ngidi alipoulizwa kuhusu harakati za kutetea maisha ya watu weusi akajibu kwa upole kwamba timu inapaswa kulizungumza, wachezaji wa zamani weupe walimshukia hadharani. Ndipo mdomo wa Ntini ukafunguka, na wa wengine wengi. Mwaka uliofuata chama kiliitisha vikao vya kusikiliza malalamiko chini ya wakili Dumisa Ntsebeza. Paul Adams, mrushaji wa kuzungusha aliyecheza mechi 45 za testi, alieleza kwamba wenzake walimwita mavi ya kahawia kwenye nyimbo za timu baada ya ushindi. Fikiria hilo: mmeshinda pamoja, mnashangilia pamoja, na hilo ndilo jina lako kwenye wimbo. Kesi zilizofunguliwa baada ya ripoti hazikufika mbali. Hata hivyo sikubali kwamba vikao vile vilikuwa bure, maana kwa mara ya kwanza watu walitakiwa kusikiliza bila kumkatiza msemaji.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna haki ya kujiweka pembeni na kunyoosha kidole. Nimekulia Dar es Salaam nikisikia kriketi ikiitwa mchezo wa Wahindi, na viwanja vyake vilikuwa nyuma ya kuta za klabu za kijamii. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 ilikuwa na Waafrika weusi wawili, John Nagenda na Samuel Walusimbi, wote wa Uganda. Kenya ndiyo iliyovunja ukuta huo vizuri zaidi: Steve Tikolo na Maurice Odumbe waliinuka kupitia klabu za Nairobi, wakaifunga West Indies mwaka 1996 na kufika nusu fainali ya dunia mwaka 2003. Siku hizi timu zetu za taifa za Tanzania, ya wanaume na ya wanawake, zina vijana waliojifunza mchezo kwenye shule za serikali, na kila nikiona hivyo nasema inawezekana, tena bila miujiza. Kinachotakiwa ni mtu kuupeleka mpira shuleni na kuendelea kuupeleka.

Turudi kwa Bavuma. Januari 2016, Newlands, alifikisha mikimbio 102 bila kutolewa dhidi ya England, Mwafrika mweusi wa kwanza kuvuka 100 katika testi kwa nchi hiyo. Kisha ikapita miaka saba bila kuvuka tena katika testi. Takwimu zake zilikuwa za kawaida, lazima tuseme ukweli, na mkosoaji wa haki alikuwa na la kusema. Ila wakosoaji wa haki walikuwa wachache. Mwaka 2020 alisema kinachomkera ni kwamba timu ikifanya vizuri hakuna anayetaja mageuzi ya rangi, ikifanya vibaya yanakuwa ajenda ya kwanza. Machi 2023, akiwa nahodha mpya wa testi, alipiga 172 Johannesburg. Novemba mwaka huohuo, nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia, palepale Eden Gardens, aliingia na msuli wa paja uliouma, akatolewa bila mkimbio hata mmoja, na matusi aliyomwagiwa mitandaoni sitayarudia hapa.

Juni 2025, fainali ya ubingwa wa dunia wa testi, Lord's, dhidi ya Australia. Afrika Kusini ilitakiwa kupata 282. Msuli wa paja ukamkaza Bavuma akiwa ndiyo kwanza anaanza. Kati ya mipira alikuwa anachechemea, na kila mkimbio mmoja ukimgharimu uso wake unakunjamana. Wakati wa mapumziko ya chai ilijadiliwa kama aendelee, akasema anaendelea. Alibaki na Aiden Markram mpaka siku ilipokwisha, wakajenga mikimbio 147 pamoja. Asubuhi alitoka na 66, Markram akafika 136, na nchi ikapata kombe lake la kwanza la mashindano ya ICC, shirikisho la kriketi duniani, tangu 1998. Rabada alikuwa amechukua wiketi tisa. Baada ya mechi Bavuma alisema anatamani watu wamwone zaidi ya mchezaji mweusi, wamwone kama mtu aliyeipa nchi kitu ilichokitaka siku nyingi.

Anastahili hilo, na mimi nimeandika makala nzima nikimzungumzia kwa rangi yake. Nimefanya hivyo kwa sababu hadi siku ile ya Lord's, miaka 34 baada ya vyama kuungana, Mwafrika mweusi aliyewahi kufikisha mikimbio 100 ya testi kwa Afrika Kusini alikuwa bado ni yeye peke yake. Kabla ya kuachana na rangi yake lazima tuulize wa pili yuko wapi.

Novemba 2025 timu ilirudi Eden Gardens kucheza testi. Uwanja ulikuwa mgumu kwa kila mpigaji, na katika mechi nzima mtu mmoja tu ndiye aliyefika mikimbio 50: Bavuma, 55 bila kutolewa. India walitakiwa kupata 124 wakaishia 93. Wiki iliyofuata, Guwahati, wakafungwa tena kwa mikimbio 408, na Afrika Kusini ikashinda mfululizo wa testi nchini India kwa mara ya kwanza tangu 2000. Nilishangilia kweli. Kisha nikakitazama tena kikosi cha Kolkata. Rabada alikuwa majeruhi, Ngidi hakuwemo. Mwafrika mweusi kati ya wale 11 alikuwa mmoja, naye ni nahodha.